Mizizi Inapooza, Tusimtafute Jirani

Haya ni maneno aliyoyasema moniteri mmoja wa kilimo mbele ya wakulima, wazee na kamati ya amani ya kijiji kimoja cha milima ya Kivu ya Kusini. Tunayachapa pamoja na maswali machache yaliyoulizwa mwishoni.

Asante kwa kuniita, na asante kwa ugali na sombe mliyonipa kabla sijasema neno lolote.

Ninajua kwa nini mmeniita. Barua ya kamati ilisema: njoo utufundishe dawa za asili za mashamba. Lakini nilipofika jana jioni niliambiwa na neno la pili, ambalo halikuandikwa katika barua. Msimu uliopita maharagwe yalikufa katika mashamba ya upande wa mto. Msimu huu yameanza kufa tena. Na jina la mama mmoja limeanza kunong'onwa kwenye chemchemi, wakati watu wanapanga bidoni zao kuchota maji. Sitalitaja jina hilo. Ninawaomba na ninyi msilitaje leo, mpaka tumalize kuzungumza juu ya maharagwe yenyewe.

Mimi ni mtoto wa mkulima wa Walungu. Nilipokuwa na miaka tisa, maharagwe ya mama yangu yalikauka yote kabla ya kutoa maua. Wakubwa walikaa usiku, wakazungumza kwa sauti ya chini, na kesho yake jirani yetu, mama mzee mjane aliyekuwa akituazima jembe, hakusalimiwa tena. Baada ya miezi michache alihama. Hatukupigana naye, hatukuchoma nyumba yake, tuliacha tu kumsalimia. Msimu uliofuata maharagwe yalikufa tena, naye alikuwa hayupo. Hakuna mtu aliyekwenda kumwita arudi. Nilisomea kilimo kwa sababu nyingi, na hiyo ni mojawapo.

Tuliyoyaona shambani asubuhi

Leo asubuhi nilitembea na wazee wanne na wamama sita. Tuling'oa miche katika mashamba saba. Wale tuliokuwa pamoja ni mashahidi wangu. Majani ya chini yalikuwa ya manjano. Mche ulitoka udongoni kwa vidole viwili tu, bila kuvutwa. Mzizi ulikuwa wa rangi ya kahawia na laini, na ukiufinya, ngozi yake inateleza inabaki nyuzi. Mingine ilikuwa na mistari myekundu chini ya shina. Tuliingia pia katika shamba la yule anayenong'onwa. Mizizi yake imeoza kuliko ya wengine wote.

Ugonjwa huu una jina. Ni kuoza kwa mizizi ya maharagwe. Unaletwa na aina kadhaa za ukungu na jamaa zake wanaoishi ndani ya udongo, ambao wataalamu wanawaita Pythium, Fusarium na Rhizoctonia. Hawaonekani kwa macho. Unajulikana katika milima yetu ya Kivu, Rwanda, Burundi, kusini-magharibi ya Uganda na magharibi ya Kenya, yaani kila mahali ambapo watu ni wengi, mashamba ni madogo, na maharagwe yanapandwa juu ya maharagwe kila mwaka.

Kwa nini upande wa mto? Kwa sababu kule maji yanasimama, na Pythium anapenda udongo wa baridi wenye maji mengi. Na kwa nini zamani haikuwa hivi? Wazee wanajua jibu kuliko mimi. Zamani shamba lilipumzika. Zamani kulikuwa na ng'ombe na mbuzi, na samadi ilirudi shambani. Vita vya 1996 na 1998 vilichukua mifugo. Watu walikimbia, wakarudi, wakajibana penye usalama, wakalima kipande kilekile mwezi wa tisa na tena mwezi wa pili, bila kukirudishia kitu. Udongo wenye njaa hauna askari wa kuulinda. Ukungu mbaya unaingia kama mwizi anavyoingia katika nyumba isiyo na mlango.

Watu wa Ireland walimlaumu nani?

Msidhani kutafuta mkosaji ni jambo la milima yetu peke yake. Mwaka 1845, katika nchi ya Ireland kule Ulaya, mashamba ya viazi yalianza kuwa meusi na kunuka. Ugonjwa ni uleule unaoshika viazi vyetu vya kizungu hapa Kivu, tunaouita mildiou. Kwa miaka michache watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na magonjwa, na wengine zaidi ya milioni moja wakahama nchi. Watu walitafuta sababu. Wengine walisema ni adhabu ya dhambi. Wengine walilaumu moshi wa garimoshi, ambazo wakati ule zilikuwa kitu kipya. Mwaka 1861 mtaalamu wa Ujerumani, Anton de Bary, alionyesha kwa majaribio kwamba kiini cha ugonjwa ni kidudu kidogo cha jamii ya ukungu kinachoingia katika jani.

Garimoshi haikuumia kwa kulaumiwa. Mama mzee anaumia. Mwaka 2021, katika jimbo letu hili la Kivu ya Kusini, wanawake kadhaa waliuawa kwa sababu walishutumiwa uchawi. Mlisikia habari hizo. Ndiyo maana ninasema kujua ugonjwa wa maharagwe ni kazi ya amani, si kazi ya kilimo tu.

Takataka zinafanya kazi namna gani

Sasa tufike kwenye dawa. Sokoni kuna unga wa kuua ukungu unaoitwa mankozebu, mara nyingi unapimwa kwa kijiko na kufungwa katika mfuko mdogo usio na maandishi. Sisemi kwamba dawa ya dukani haifanyi kazi. Inafanya. Lakini mwaka 2020 Umoja wa Ulaya ulikataa kuendelea kuiruhusu mankozebu kwa wakulima wake, kwa sababu ya hatari yake kwa uzazi na afya. Hapa kwetu mama anaichanganya kwa mkono mtupu, mtoto mgongoni, katika bakuli la jikoni. Tena dawa hiyo hunyunyizwa juu ya majani, na ugonjwa wetu uko chini kwenye mizizi. Mnanunua kwa franka zenu kitu ambacho hakifiki mahali pa vita.

Kitu kinachofika kwenye mizizi mnakitupa kila siku nyuma ya nyumba. Nitaeleza njia tano. Ya kwanza ndiyo kubwa. Nyingine ni wasaidizi wake.

Njia ya kwanza ni mbolea ya takataka, komposti. Chukueni maganda ya maharagwe mazima, mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, majani ya migomba, majani ya palizi kabla hayajatoa mbegu, na lile ua la manjano linalofanana na alizeti, linalojaa kando ya barabara zetu, ambalo wataalamu wanaliita Tithonia. Majani yake yana chakula kingi cha mimea. Pangeni tabaka juu ya tabaka, kavu kisha bichi, na samadi kidogo kama ipo, hata ya sungura au kuku. Mwagieni maji, funikeni kwa majani ya mgomba. Chomekeni fimbo katikati. Baada ya siku chache mkiichomoa, iwe ya moto mkononi. Moto huo unaua ukungu mwingi mbaya. Baada ya wiki tatu geuzeni, ya nje iingie ndani, na baadaye geuzeni tena. Kwa muda wa miezi mitatu inakuwa nyeusi na inanukia kama udongo wa msituni. Ikiwa bado inanuka uozo, haijaiva.

Mbolea hiyo si chakula tu. Ndani yake wanaishi vijidudu vingi vyema, na ukungu mwema pia, kama ule unaoitwa Trichoderma, ambao unamshambulia ukungu mbaya na kumla. Wengine wanakula chakula chote kilicho karibu na mzizi, ukungu mbaya unakosa nafasi. Hiyo ndiyo maana ya askari niliowataja. Wekeni konzi moja katika kila shimo la mbegu. Na upande wa mto pandeni juu ya matuta, maji yapate pa kupita.

Njia ya pili ni majani ya nje ya kabichi, mashu, yale yanayorundikana sokoni mpaka yanaoza. Jani la kabichi lina vitu viwili ambavyo limevitenga. Likikatwa, vinakutana, vinatoa mvuke mkali wa jamii ya haradali, nao unadhoofisha ukungu wa udongoni. Watafiti wa Australia wamelichunguza jambo hili tangu miaka ya 1990. Kateni majani vipande vidogo kabisa, yafukieni saa ileile, mwagieni maji, kandamizeni udongo kwa miguu ili mvuke usitoroke. Kisha ngojeni wiki tatu au nne kabla ya kupanda. Mkipanda mapema, majani mabichi yanayooza yanaweza kumlisha Pythium na kuua mbegu. Inahitaji majani mengi, kikapu baada ya kikapu, kwa hiyo itumieni kwenye vitalu vya mboga, si shamba lote. Na msitumie majani ya kabichi mahali mtakapopanda kabichi tena.

Njia ya tatu ni maganda ya vitunguu. Katika miaka ya 1920 na 1930 watafiti wa Wisconsin, Marekani, walijiuliza kwa nini vitunguu vyeupe vinashikwa na ugonjwa fulani wa madoa meusi, na vyekundu vinapona. Waligundua kwamba maganda makavu ya vitunguu vya rangi yana dawa mbili za asili zinazozuia mbegu za ukungu zisiote. Yaani ganda mnalopuliza litoke mkononi ni koti la kitunguu dhidi ya ukungu. Wakulima wengi wanaloweka konzi mbili za maganda, hata na maganda ya vitunguu saumu, katika lita moja ya maji kwa usiku na mchana, wanachuja kwa kitambaa, wanaongeza sabuni kidogo ili maji yashike kwenye jani, na wananyunyiza jioni kila wiki. Dawa hii ni ya majani, na ni ya kuzuia. Ikinyesha mvua inaoshwa, mnarudia. Anzeni na miche michache muone kama majani hayaungui.

Njia ya nne ni matandazo. Matone ya mvua yakipiga udongo mtupu yanarusha matope juu ya majani, na pamoja na matope mbegu za ukungu. Majani makavu ya mgomba au nyasi chini ya mche yanazuia matope hayo. Hakuna dawa iliyo rahisi kuliko hiyo.

Njia ya tano ni majivu. Udongo wetu mwingi una uchachu, na majivu yanaupunguza. Yanasaidia hasa kwenye kabichi ambazo mizizi yake inavimba kama vidole vya mgonjwa. Nyunyizeni kidogo. Msiyachanganye na samadi mbichi, kwa sababu yanafukuza nguvu yake hewani. Na msiyamwage mengi kwenye viazi, vitapata upele.

Pamoja na yote hayo, badilisheni mazao. Maharagwe msimu mmoja, kisha mahindi, mtama au viazi vitamu. Na ulizeni mbegu zinazovumilia. Kituo cha INERA kule Mulungu kimefanya kazi kwa miaka mingi juu ya mbegu za maharagwe.

Takataka zisizorudi shambani

Sikilizeni sana hapa. Si kila takataka ni dawa. Mizizi tuliyoing'oa asubuhi nimeiomba ichomwe, na imechomwa. Mabaki ya mgonjwa hayarudi katika shamba la ndugu yake. Viazi vilivyooza visitupwe kando ya shamba, vitaota na kuleta mildiou. Wale wenye jamaa upande wa Beni au Isiro wameona jinsi kahawa ya robusta ilivyokufa kwa mnyauko katika miaka ya 1980 na 1990. Mti wa kahawa uliokufa kwa ugonjwa huo unang'olewa na kuchomwa palepale uliposimama. Ukiuburuta kwenda nyumbani uwe kuni, unapitisha ugonjwa kwa shamba la kila jirani njiani. Na hapo jirani atasema umemroga. Kwa namna fulani atakuwa hajakosea sana. Umemletea ugonjwa kwa kutojua.

Mabaki ni mali

Kuna jambo jingine, na kamati ya amani ilifikirie. Tukianza kuona takataka kuwa mali, mali inaweza kuleta ugomvi mpya. Mpaka leo, baada ya mavuno, ng'ombe wanaingia mashambani kula mabua, na wakulima wananyamaza kwa sababu hayakuwa na bei. Kesho mkulima atasema, mabua yangu ni komposti yangu. Mfugaji atasema, ng'ombe wangu wamekula hapa tangu enzi za baba yangu. Wakati wa kiangazi, mifugo inapotafuta majani, maneno hayo yanaweza kuwaka haraka.

Zungumzeni sasa, kabla ya mavuno. Ninapendekeza hivi: mabua ya mahindi yawe ya ng'ombe kwa siku zilizokubaliwa, maganda ya maharagwe na majani ya migomba yabaki kwa mkulima, na mfugaji alete samadi kwenye shimo la komposti la kila shamba ambalo ng'ombe wake wamelala. Mkubaliane mbele ya chefu na wazee wa pande zote mbili, na iandikwe. Mnaweza kupata mpango mzuri kuliko huu, mnajuana ninyi. Lakini msingoje ng'ombe wawe tayari shambani.

Ninachowaomba

Siwaombi mniamini. Ninawaomba mjaribu. Karibu na soko kuna kipande cha ardhi ya kijiji. Mwezi wa sita, baada ya kuvuna, fanyeni salongo moja, mchimbe shimo la komposti kubwa. Kila nyumba ilete kikapu kimoja. Kila nyumba, hakuna inayoachwa. Mwezi wa tisa pandeni mistari kumi ya maharagwe: mitano yenye komposti juu ya matuta, mitano kama mlivyozoea, mbegu ileile, siku ileile. Baada ya wiki sita hesabuni miche iliyo hai mbele ya watu wote.

Na yule mama anayenong'onwa, ninaomba awe mmoja wa watu watatu watakaohesabu. Nimezungumza naye asubuhi. Amekubali, kama ninyi mnakubali. Sasa ni juu yenu.

Amani iwe kwenu.

Maswali ya washiriki

*Mkulima mmoja: Je, maganda ya vitunguu yataponya mildiou ya viazi?*

Hapana, baba. Nisiwadanganye. Jani likisha kuwa jeusi halirudi. Maganda yanaweza kuchelewesha kidogo madoa mepesi, lakini mildiou wakati wa mvua nyingi ni moto wa nyasi. Tumieni mbegu safi, pandeni kwa nafasi, ondoeni miche ya kwanza kuugua. Na mkilazimika kutumia dawa ya dukani, iwe yenye karatasi ya maelezo, mjifunike mikono na mdomo, na chombo chake kisirudi jikoni.

*Mama mmoja: Migomba yangu inakauka na ndizi zinaiva kabla ya wakati, ndani ni za kahawia. Niitie majivu?*

Hapana, mama. Huo ni mnyauko wa bakteria, si ukungu. Umekuwa katika Kivu tangu mwanzo wa miaka ya 2000, kule Masisi ulionekana mapema. Majivu na maganda hayauwezi. Kata shina lililougua, pitisha panga kwenye moto kabla ya kugusa mgomba mwingine, na vunja ua la dume kwa fimbo yenye panda, si kwa kisu. Usitumie majani yake kwa matandazo, wala usimpe mtu machipukizi yake.

*Mzee mmoja: Umesema vizuri, mwanangu. Lakini kama mtu ana uchawi kweli?*

Baba, ninakuheshimu, na sikuja kubishana nawe juu ya mambo ambayo sikuyasomea. Nilisomea mizizi. Ninajua mzizi uliooza kwa ukungu, na wewe umeushika leo asubuhi kwa mkono wako. Ninachoomba ni utaratibu: kila mara kitu kinapokufa shambani, tuanze kwa kung'oa mche na kuutazama mzizi. Tukifanya hivyo kwanza, pamoja, nadhani tutakuwa na sababu chache sana za kutafuta kitu kingine.

Mzee alisimama, akafikiri, akasema atatoa kikapu cha kwanza. Kamati ilipanga salongo kwa mwezi wa sita.